Uliza Tukujibu: mipira ya brasi, ujasiri na macho makavu

Toleo lililopita tuligusia kidogo tu ile mipira midogo ya brasi inayokaa juu ya nguzo za vitanda vya zamani, na maswali yamemiminika mpaka tumeamua ukurasa wote huu uwe wa mipira hiyohiyo, ya kushikwa mkononi na ile ya kwenye maneno ya watu. Asanteni mlioandika, tumeanza na barua nzito kuliko zote.

Shikamoo Anko. Mimi niko kitengo cha mauzo. Kwenye kikao juzi meneja katoa mipira miwili ya brasi imefungwa kamba, akaining'iniza mbele ya suruali yake akasema hii kazi ni ya wenye hivi, asiyekuwa navyo mlango ule pale. Wanaume wakacheka, sisi wanawake tukabaki tunaangaliana. Hivi hii kitu imetoka wapi, na mimi nifanyeje? – Dada wa Mauzo

Marahaba mwanangu. Nianze na maana, maana wapo wanaosoma hapa na hawajawahi kuusikia huo msemo. Ni wa Kiingereza na Wamarekani ndio wanaupenda zaidi, mtu akisemwa ana mipira ya brasi wanamaanisha korodani za brasi, yaani hatetereki, anathubutu pale ambapo wenzake wananywea. Na meneja wako hajabuni kitu, ameiga. Kuna filamu ya 1992 inaitwa Glengarry Glen Ross, inahusu wauzaji wa viwanja ambao mambo yao yamekwama, anakuja bosi kutoka makao makuu (kaigiza Alec Baldwin) anawaporomoshea matusi, anawaambia wa kwanza kwa mauzo atapewa gari, wa pili seti ya visu, wa tatu kazi hana, na katikati ya hotuba ndio anaitoa ile mipira miwili ya brasi. Filamu imetokana na tamthilia ya David Mamet lakini huyo bosi kwenye tamthilia hayupo, aliongezwa wakati wa kutengeneza filamu.

Sasa kinachoniuma ni kwamba mameneja wa mauzo huko na huko wameikariri hiyo hotuba kama vile ni somo la uongozi, wakati hadithi yenyewe inaonyesha matokeo yake. Usiku uleule ofisi inavunjwa, yanaibwa majina ya wateja, na mwizi ni mmoja wa walewale wauzaji waliotishwa jioni ile wasipate usingizi. Hakuna hata mmoja aliyepata ujasiri pale, walichopata ni hofu, na hofu ikazaa wizi.

Halafu tuiangalie brasi yenyewe, kwa sababu aliyechagua metali hii kuwa mfano wa ugumu sijui alikuwa amewahi kuishika kweli. Brasi ni shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki, kwa kawaida shaba inakuwa kati ya asilimia 60 na 70 hivi. Ni laini, kisu cha kawaida cha jikoni kinaikwaruza, kioo kinaikwaruza, gololi ya chuma ya kwenye beringi ni ngumu kuliko brasi mara kadhaa. Na thamani ya brasi iko hapohapo kwenye ulaini! Fundi anapiga kwa nyundo ya brasi ili asiharibu shafti ya chuma, watu wa baruti na gesi wanatumia vifaa vya brasi kwa sababu havitoi cheche kirahisi kama chuma, mashine ya kukereza inaikata bila tabu yoyote. Kwenye beringi kubwa gololi zinakuwa za chuma, na kizimba kinachozitenganisha zisisagane ndio mara nyingi kinakuwa cha brasi. Kwa hiyo ukiambiwa una kitu cha brasi chukua kama sifa ya kufanya kazi vizuri na wenzako, ubabe hauhusiki.

Ila jibu langu hasa kwako wewe ni hili, na ningependa ukalisimulie kwa hao dada wenzako. Miaka ya 1720 kule Uholanzi alikuwepo mwanafizikia Willem 's Gravesande, alikuwa anaangusha mipira ya brasi kutoka vimo tofauti kwenye udongo laini wa mfinyanzi halafu anapima shimo limeingia kiasi gani. Wakati huo wasomi walikuwa wamegawanyika vibaya: kitu kinachokwenda kina nguvu kiasi gani ndani yake? Upande wa Newton ulisema zidisha uzito kwa mwendo, basi. Upande wa Leibniz, msomi wa Kijerumani, ukasema hapana, mwendo inabidi uzidishwe kwa mwendo wenyewe kwanza. 's Gravesande alikuwa mtu wa Newton kabisa lakini mipira ikamwonyesha kitu kingine, mwendo ukiwa mara mbili shimo linakuwa mara nne, mwendo ukiwa mara tatu shimo mara tisa, na yeye akakubali alichokiona.

Aliyeibeba hoja hiyo akaipeleka mbele ya wakubwa wa Ufaransa ni mwanamke, Émilie du Châtelet. Kitabu chake cha fizikia kilitoka 1740 na ndani yake akampinga kwa maandishi Jean-Jacques Dortous de Mairan, mtu mkubwa wa Akademia ya Sayansi ya Paris, ambayo wakati huo haikupokea wanawake. Mwaka uliofuata Mairan, akiwa sasa ndiye katibu wa Akademia, akamjibu hadharani kwa dharau, kwamba hakusoma vizuri, na yeye mama wa watu hakunyamaza, alijibu mwaka huohuo hoja kwa hoja. Hata mwandishi Voltaire, mpenzi wake waliyekuwa wanaishi pamoja, katika jambo hili alikuwa upande wa pili, lakini Émilie hakurudi nyuma. Alifariki 1749 siku chache baada ya kujifungua, akiwa ameshaitafsiri Principia, kitabu kikuu cha Newton, kwa Kifaransa, na tafsiri hiyo kamili ilitoka 1759 na inasomwa mpaka leo. Na ile hesabu ya shimo mara nne ndiyo inayofanya gari la kilomita 100 kwa saa lihitaji umbali wa karibu mara nne kusimama baada ya kukanyaga breki, ukilinganisha na la 50. Huyo ndiye niliyekuwa nataka umjue, mtu aliyeielewa mipira ya brasi kuliko wanaume wengi wa zama zake na hakuhitaji kuining'iniza popote.

Cha kufanya: usimjibu kikaoni, mwombeni nafasi nyie wote mkae naye, mwambieni wazi kwamba mfano ule umewatoa kwenye timu, na mnataka malengo yasemwe kwa namba na wateja wagawanywe kwa haki. Akikataa kusikia andikeni kwa mkubwa wake na mbaki na nakala. Na mkiona mnatetemeka wakati mnaandika andikeni hivyohivyo.

Kaka, nimesoma mahali kwamba ule msemo wa Kiingereza kuhusu baridi kali ya kumdondosha tumbili wa brasi mipira yake unatokana na meli za kivita, eti tumbili lilikuwa jina la sinia la brasi lililopangwa juu yake mipira ya chuma ya mizinga, baridi ikija sinia linasinyaa mipira inaporomoka. Kweli? – Mpenda Historia

Si kweli ndugu yangu, hata kama stori ni tamu na inazunguka kila siku. Kwanza tufanye hesabu, brasi inasinyaa zaidi ya chuma hilo ni sahihi, lakini chukua sinia la mita moja, lishushe joto kutoka nyuzi 25 mpaka 10 chini ya sifuri, tofauti kati ya kusinyaa kwa brasi na kusinyaa kwa chuma inakuja kama robo milimita na ushee. Hiyo haiporomoshi kitu. Pili fikiria meli baharini inavyoyumba, nahodha gani atapanga piramidi ya mipira mizito ya mizinga juu ya sitaha halafu alale? Mipira ilikaa kwenye stoo chini, na michache ya karibu ilipangwa kwenye mbao zilizotobolewa mashimo, kila mpira na shimo lake. Hata kitengo cha historia cha jeshi la majini la Marekani kimeikana hiyo stori.

Kinachoimaliza kabisa ni kwamba msemo wenyewe zamani haukuwa na mipira. Mwandishi Mmarekani Herman Melville kwenye kitabu cha 1847 ana mhusika anayezungumzia JOTO la kuyeyusha PUA ya tumbili wa brasi, na baadaye kidogo wakawepo wa kusema baridi ya kugandisha mkia. Pua, mkia, ndio baadaye ikaja mipira. Tumbili alikuwa tumbili tu, sanamu ya brasi, watu wanaongeza chumvi kuhusu hali ya hewa.

Anko shikamoo, mwalimu wa fizikia kaleta mpira wa brasi na pete ya brasi, mpira ukiwa baridi unapita, ukichomwa haupiti. Akauliza je tukiichoma pete, tundu litaongezeka au litapungua? Mi nikasema litapungua maana chuma kinavimba kuelekea ndani. Darasa likagawanyika. – Mwanafunzi wa Sekondari

Marahaba. Tundu linaongezeka mwanangu. Wengi sana wanajibu ulivyojibu wewe na sababu yao inaeleweka, lakini chuma kikipata joto kila kipimo chake kinakua kwa uwiano uleule, unene, upana, na mzunguko wa tundu pia. Chukua kwa akili ile pete uikate mahali pamoja uinyooshe iwe kipande kirefu cha waya, kichome, kitarefuka, si ndio? Sasa kikunje tena kiwe pete, tundu lazima liwe kubwa zaidi. Mwombe mwalimu mchome vyote viwili kwa pamoja muone mpira unapita tena.

Na hicho kifaa ndicho kinachoitwa pete ya 's Gravesande, yuleyule Mholanzi wa udongo niliyemtaja juu. Usitegemee kuona mpira umevimba kwa macho, mpira wa kipenyo cha milimita 25 ukipandishwa nyuzi 300 unaongezeka kama milimita 0.14 tu, ila inatosha kukwama. Hilohilo ndilo linatusaidia kifuniko cha chuma kikigoma kwenye chupa ya kioo, unamwagia kifuniko maji ya moto, kinatanuka kuliko kioo, kinaachia.

Ukipenda mipira ya namna hii soma pia habari za Foucault, mwanafizikia Mfaransa. 1851 alining'iniza kwenye jengo la Panthéon, Paris, mpira wa madini ya risasi uliofunikwa brasi, kilo 28, kwa waya wa mita 67, akauacha ubembee, na watu wakaona kwa macho yao uelekeo wa kubembea unahama polepole kwa sababu dunia chini yao inazunguka. Pale Paris mzunguko mmoja kamili unachukua kama saa 32. Ukiufanya huohuo kwenye mstari wa ikweta hauhami kabisa, na hapo ndipo raha ya hesabu ilipo, muulize mwalimu kwa nini.

Naomba kujua, yule ng'ombe dume wa Wall Street, New York, kwenye picha watu wanamshika korodani na zinang'aa kama dhahabu wakati mwili wake umefifia. Amepakwa rangi tofauti? – Mtazama Picha

Hajapakwa. Ni bronzi yote, binamu wa brasi, shaba na bati badala ya shaba na zinki. Bronzi ikikaa nje inashika ngozi nyembamba ya kahawia au kijani, na mikono ya watu wengi kila siku inaisugua hiyo ngozi isipate nafasi ya kurudi, ndio maana pua na pembe navyo vinang'aa. Wanaamini ni bahati ya pesa, mimi siamini, lakini historia ya sanamu yenyewe naipenda: msanii Arturo Di Modica alilitengeneza kwa pesa yake baada ya soko la hisa kuanguka 1987, tani 3 na ushee, na usiku mmoja wa Desemba 1989 akaenda kulitua mbele ya soko la hisa bila kibali cha mtu yeyote. Lilikamatwa likaondolewa, watu wakalipenda, jiji likalipa nafasi mtaa wa karibu. Ujasiri ulikuwa kwenye hicho kitendo cha usiku, si kule watalii wanakopanga foleni.

Nimerithi kitanda cha bibi chenye mipira minne ya brasi juu ya nguzo, imekuwa myeusi. Nitajuaje ni brasi kweli na niisafishe na nini? Nina mtoto wa mwaka mmoja anapenda kuitia mdomoni. – Mama wa Mmoja

Mama, nianze na mtoto kwanza. Brasi nyingi za kukerezwa zina risasi (yale madini yenye sumu) ndani, mpaka kama asilimia 3, wanaiweka makusudi ili mashine ikate vizuri. Mkono mkavu wa mtu mzima hauna shida kubwa, ila mdomo wa mtoto sio mahali pake, fungua hiyo mipira (karibu yote ina hesi, inazunguka tu) uiweke mbali mpaka akue. Na kama kuna kampira kadogo kalikolegea asije akakameza, kakimezwa usisubiri kaje kenyewe, mpeleke hospitali.

Kujua kama ni brasi chukua sumaku. Ikinata ujue ni chuma kilichochovywa rangi ya brasi juu tu, isiponata una matumaini. Halafu pima uzito, brasi ina gramu 8.4 mpaka 8.7 kwa kila sentimita moja ya ujazo, kwa hiyo mpira mzima usio na uwazi ndani wenye kipenyo cha sentimita 5 unatakiwa uwe na kama gramu 550. Mingi ya vitanda ina uwazi ndani ili iwe myepesi, hiyo ni kawaida, isikutie wasiwasi.

Kusafisha: limau na chumvi, sugua taratibu kwa kitambaa, suuza kwa maji mengi ukaushe hapohapo, ukiacha asidi ya limau inakaa utaona madoa mekundu. Usitumie kabisa dawa yenye amonia. Wanajeshi wa Uingereza kule India walihangaika na maganda ya risasi ya brasi yaliyokuwa yanapasuka yenyewe stoo msimu wa mvua, na stoo zenyewe zilikuwa mazizi ya farasi, 1921 wataalamu wakaeleza kwamba amonia ya mkojo wa farasi ndiyo ilikuwa inaipasua brasi pale ilipokunjwa au kuminywa. Mipira ya kitanda yenye uwazi nayo imetengenezwa kwa kuminya bati la brasi, kwa hiyo iko kwenye hatari ileile.

Wengine watakwambia upake vanishi isichafuke tena. Kwa kitanda sawa. Kwa kishikio cha mlango mimi ningeacha brasi tupu hata kama inafifia, kwa sababu shaba iliyomo inaua bakteria wanaoachwa na mikono, Marekani mamlaka yao ya mazingira iliidhinisha rasmi dai hilo 2008 kwa aloi (metali za mchanganyiko) zenye shaba ya kutosha, kwamba zaidi ya asilimia 99.9 ya bakteria wanakufa ndani ya saa mbili. Ukiifunika na vanishi umeizuia isifanye hiyo kazi.

Fundi bomba kanibadilishia koki, ndani ina mpira wa brasi wenye tundu katikati, unageuza mkono robo mzunguko maji yanakata. Ya zamani mpira wake ulikuwa na mabaka mekundu na umekwama. Tatizo nini? – Mwenye Nyumba

Hayo mabaka mekundu ni shaba iliyobaki baada ya maji kuinyonya zinki. Inatokea kwenye brasi yenye zinki nyingi, zaidi ya asilimia 15 hivi, hasa maji yakiwa na klorini nyingi au yakiwa laini yenye asidi kidogo, na sehemu hiyo inabaki na matundumatundu kama sponji, nguvu hakuna. Mipira mingi ya koki inapakwa kromu kuzuia hilo lakini kromu ikichubuka kazi imeanza. Safari ijayo mwambie fundi atafute koki ya brasi iliyotengenezwa isinyonywe zinki (huwa imeandikwa kwenye mwili wake herufi DZR au CR) au yenye mpira wa chuma kisichoshika kutu, na kama ni maji ya kunywa dai brasi isiyo na risasi.

Kuhusu kukwama, hizi koki zinakwama kwa kuachwa miaka bila kuguswa. Kila baada ya miezi michache ifunge na kuifungua mara kadhaa, mpira ujisugue ndani. Na usiiache nusu, ni ya kufungua yote au kufunga yote, ukiiacha katikati maji yanakula zile pete laini zilizobana mpira na baada ya hapo hata ukifunga mpaka mwisho itakuwa inavuja tu.